Nusu Toni Chini

Riziki, mama yangu,

Usicheze kwanza. Kaa, soma. Karatasi hizi nimezilaza juu ya vibonye, chini ya kifuniko cha piano, kwa sababu nakujua: kesho asubuhi, kabla ya chai, hata kabla ya kunawa uso, utakuja kukifungua kifuniko hiki kama ulivyofanya tangu utotoni. Na hicho chuma chenye ncha mbili nilichokiweka juu ya karatasi usikiguse bado. Nitakuambia wakati wake.

Mambo ya safari sitayasema. Mama yako amefunga sanduku, akalifungua, akalifunga tena, na kama sikosei ndagala kavu, hizo dagaa za ziwani, amezificha katikati ya masweta, kwa hiyo Wabelgiji watakutambua kwa harufu kabla hawajakutambua kwa muziki. Yeye ameshamaliza habari za baridi, za pasipoti na za wanaume. Mimi nimebaki na jambo moja tu. Nimelibeba tangu siku ile ya Kigali. Hapana, hapo tayari nimeanza kukudanganya. Nimelibeba tangu ulipokuwa na meno ya utoto.

Unajua nilikoutoa muziki huu, ingawa nimezoea kukusimulia kwa namna inayonipendeza mimi. Nilijifunza Uvira, upande wa Kongo, kwa padri mzee wa misheni aliyenikuta nikichezea kinanda cha kanisa bila ruhusa, akanikalisha badala ya kunichapa. Vita vilipotufukuza nilivuka mpaka kuja Bujumbura nikiwa na shati la mwilini na dyapazoni aliyonipa yule padri, hicho chuma unachokiona hapo. Ukikigonga kinatoa sauti moja tu, La, na hakibadiliki kwa mvua wala kwa jua. Kwa miaka mingi nilikuwa mpiga piano asiye na piano. Nilifanyia mazoezi juu ya meza ya kulia, na mama yangu, huyo uliyerithi jina lake hata nikawa nakuita mama, alikuwa akisogeza sahani pembeni na kuwaambia wageni, "Mutoto wangu anacheza muzuri sana. Shida ni hii meza, haina sauti."

Baadaye nilipata kazi ya kucheza jioni katika hoteli moja ya mjini, watu wakila. Nilifikiri sasa maisha yangu yanaanza. Siku moja bwana mmoja alinipigia vidole, vile anavyoitwa mhudumu wa meza, akanionyesha kwa mkono nipunguze sauti kwa sababu anaongea na simu. Nilifunga kifuniko kwa kishindo katikati ya sonata, nikatoka. Nilijisifu kwa kila aliyetaka kunisikiliza, na kwa wengine wasiotaka. Hoteli ikamleta kijana mwenye kinanda cha umeme, na mimi sikuitwa tena popote. Hasira hasara, neno hilo nililijua tangu shule ya msingi bila kulielewa. Watu husema ualimu ni wito. Wangu ulitokana na kile kifuniko. Nikaanza kupita nyumba za wakubwa wa Rohero, ambako mwalimu huitwa Metre kwa Kifaransa, kuwafundisha watoto wao, penseli mkononi, na kidole kilichokosea nilikigonga. Nilikuwa nawagonga watoto wa watu kwa kosa la yule bwana wa simu. Wengine waliacha piano kabisa, na wawili watatu kati yao wangenishinda mbali. Hilo nalo nalijutia, lakini silo lililonikalisha hapa na kalamu.

Familia moja kati ya hizo ilipohama nchi, iliniachia piano yao. Wakati huo tulikuwa tunakaa Buterere na wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kutamka maneno. Nilitafuta wapagazi wa bandarini, watu wanaopakia meli za Kigoma, wakaiingiza nyumbani huku wakitukana kwa Kiswahili na Kirundi. Mkubwa wao alijifuta jasho, akaniuliza, "Metre, hii ni jeneza ya mutu gani, muzito hivi?" Mama yako hakucheka. Alikuwa anatazama mahali ambapo kitanda kilikuwa kimekaa.

Kisha mvua zikaja, na maji ya Buterere hayapigi hodi. Yalipoingia ndani tulikupandisha juu ya piano, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko vyombo vyote, ukalala huko juu na blanketi lako huku sisi tumesimama ndani ya maji hadi magotini. Hukulia. Kila nilipojigonga kwenye piano, nyuzi zilitoa mlio mdogo chini yako, na wewe ukaitikia kwa kuimba mlio uleule. Mama yako husema hadithi hiyo nimeitunga. Sikuitunga.

Maji yalipotoka, kutu ikaingia. Tulihamia hapa Bwiza, nikaweka taa ndogo ndani ya piano ikaushe unyevu, lakini nyuzi zilikuwa zimeshaliwa na kila moja imeporomoka kwa njia yake. Jirani yetu Saidi, fundi magari, alinitengenezea ufunguo wa kukazia. Nikagonga dyapazoni, nikaanza kuzivuta nyuzi zirudi kwenye sauti ya kweli. Uzi wa kwanza ukakatika. Wa pili ukakatika na kunipasua hapa juu ya jicho; ndilo kovu hili ulilozoea kulishika ukiwa mdogo. Nyuzi mpya hazikupatikana mjini. Saidi alinifunga kitambaa, akatazama ndani ya piano kama anavyotazama injini ya teksi, akasema, "Metre, walahi hizi waya zimechoka. Ukikaza, zitakatika zote. Legeza zote sawa sawa, zishuke pamoja. Nani atajua?"

Nikazishusha. Zote, nusu toni, hatua ndogo kuliko zote kwenye piano, kazi ya siku nyingi, na niliifanya vizuri. Sikiliza sasa, Riziki, maana ndilo neno lenyewe. Kwenye piano hii, unapobonyeza Do, kinacholia si Do. Ni Si, sauti iliyo chini yake. Kila sauti uliyojifunza kwangu iko nusu toni chini ya sauti ya dunia nzima. Piano ya Kigali haikuwa mbovu. Yetu ndiyo iliyo chini, mimi ndiye niliyeishusha, na nimejua siku zote.

Nilijiambia ni kwa muda tu, mpaka nyuzi zipatikane. Na kwa wanafunzi wengine haikudhuru kitu, kwa sababu masikio ya watu wengi hupima umbali kati ya sauti na sauti, na umbali haukubadilika. Ngazi ni ileile hata ukiisimamisha shimoni. Wewe ndiye niliyekusahau, kwa kuwa bado sikukujua. Siku moja kwenye buveti ya ng'ambo ya barabara mtu aligonga chupa kwa kijiko, nawe ukasema bila hata kugeuka, "Papa, ile chupa inasema Mi." Nilikimbilia piano, nikabonyeza. Ilikuwa Mi. Mi ya kwetu. Nilikubeba mabegani, nikapita nawe barabara nzima nikiwatangazia watu kwamba mwanangu ana sikio ambalo mimi sikupewa. Lakini wakati huohuo nilijua kwamba sikio la namna hiyo hushika majina ya sauti likiwa changa, na likishayashika haliyaachi. Mimi nilikuwa nimekupa majina yasiyo yake. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ulikuwa mdogo, tungecheka, ningezitafuta nyuzi hata Nairobi kwa miguu.

Badala yake nikaanza kuziba mashimo. Ulipokuja na simu ya mama yako na kuniuliza, "Papa, juu ya nini kwa simu banacheza iko juu?" nilikujibu kwamba simu huharibu sauti, usizisikilize. Kinanda cha umeme cha parokia nilikuwa nakishusha kwa kile kitufe chake kila Jumapili kabla hujafika, nikiwaambia wanakwaya kwamba nazihurumia koo zao. Wao wakanishukuru! Mama yako aliniona. "We unamuzibisha mutoto masikio," aliniambia. "Siku moja atasikia kwa batu bengine, na itamuuma." Nikamwambia ajishughulishe na vitenge vyake sokoni, muziki aniachie mimi. Alininunia, na alikuwa na haki.

Utauliza kwa nini, na nimejiuliza pia. Bwiza nzima inaniita Metre. Wanywaji wa buveti, wenye kunidhihaki kwamba napiga muziki wa mazishi, hata wao wakibishana juu ya sauti ya gitaa huniita niamue. Sikuwa mpiga piano mkubwa, sikuwa na gari wala kiwanja, lakini nilikuwa mtu ambaye sikio lake halikosei. Niliogopa kwamba nikikuambia piano yangu ni ya uongo, utaanza kuyapima na mengine yote niliyokufundisha. Niliiona heshima yangu, mama, sikuyaona masikio yako.

Kisha Kigali. Majaji wa shule hii ya muziki ya Ubelgiji unayokwenda walikuja pale kusikiliza vijana wa nchi zetu. Ukakaa mbele ya ile piano ndefu nyeusi, ukabonyeza sauti ya kwanza ya fuga yako, ukaiondoa mikono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Katika ukumbi ule ni mimi peke yangu niliyejua umesikia nini. Ukaanza tena, na safari hii uliikazia macho mikono yako, midomo umeifunga. Wewe ambaye hujawahi kucheza fuga bila kuimba chini kwa chini zile sauti zinavyofukuzana, ulicheza kimya mpaka mwisho. Vidole tu. Uliyaziba masikio yako kwa ndani ili mikono ipite, na hukukosea hata mahali pamoja.

Nje kwenye korido yule mama mwenye mvi, mkubwa wa majaji, aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba una vidole vya ajabu. "Bahati mbaya," akasema, "hasikilizi." Wangekupokea kwa muhula mmoja, wakusikilize tena mwishoni, na wakiona bado umeziba masikio watakurudisha. Hayo ya muhula nilikueleza. Lile neno lake sikukuambia.

Hasikilizi. Wewe! Na mimi niliyekuwa na neno moja la kukutetea nililimeza, nikasema asante, madamu.

Kwenye basi la kurudi ukaniuliza, "Papa, piano yao haiko juste, sauti haziko sawa, si vile?" Nilitazama dirishani. "Ndiyo, mama," nikasema. "Haiko juste." Ukashusha pumzi, ukaniegemea begani, ukalala mpaka mpakani. Nimefanya mengi ya aibu maishani, Riziki, lakini hakuna lililonichoma kama ule usingizi wako.

Tangu siku ile hujaimba tena ukicheza. Unaiangalia mikono. Nimekuona ukisimama katikati ya kipande na kukaa hapo, kama mtu aliyefika barabarani akawa hana hakika kama amefunga mlango. Nilijipa moyo kwamba ni uchovu, kwamba itapita. Jioni hii majirani walipokuja kukuaga na Saidi akakuomba ucheze, ulicheza vizuri, wote wakapiga makofi. Yeye peke yake akauliza, "Riziki, leo hauimbi?" Ukamwambia, "Koo inaniuma, Muzee Saidi." Koo halikuumi. Mama yako alinitazama tu kutoka mlangoni, na nikajua kwamba nikikuacha upande ndege hivi, nitakuwa nimekupeleka Ulaya ukarudishwe.

Sasa nisikilize kama mwalimu, halafu utanikasirikia kama mtoto.

Huko ukifika usianze na vipande vya hapa. Kila kipande ulichojifunza kwangu kitakugombeza. Omba kitu kipya kabisa, chepesi, hata kiwe cha watoto, ukijifunze kwenye piano yao tangu sauti ya kwanza, polepole, ukiimba majina. Itakuuma. Utakuwa kama mtu aliyeingia jikoni kwake akakuta vyombo vyote vimehamishwa rafu moja juu, na kila akinyoosha mkono anashika hewa. Mkono hujifunza rafu mpya. Itachukua muda gani sijui, na safari hii sitajifanya najua. Ila usiyazibe tena masikio ili upite. Kigali uliyaziba na ulipita, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kama ungeshindwa.

Nenda mapema kwa yule mama mwenye mvi, umwambie: nimelelewa kwenye piano iliyoshushwa nusu toni, nilikuwa nasikia kila kitu, ndiyo maana sikuimba. Ni mwanamuziki, atakuelewa kabla hujamaliza. Akikuuliza ni nani aliyeishusha na kunyamaza, mtaje baba yako kwa jina. Usinifiche. Heshima yangu usiibebe ndani ya sanduku lako, ndagala zinatosha.

Kuhusu yatakayofuata, sitakuahidi kitu. Pengine utacheza kwenye kumbi ambazo mimi nimeziona kwenye picha tu. Pengine utapita nyumba kwa nyumba na begi la vitabu kama baba yako, na jioni utarudi umechoka kusikia watoto wa watu wakikosea mahali palepale. Maisha hayo si mabaya. Niliyaingia kwa hasira na yalinilea mpaka hasira ikanitoka, na siku mwanafunzi anapocheza kitu kwa mara ya kwanza kama anakisema yeye, huwa sitamani kuwa mtu mwingine yeyote. Ila ukifundisha, usishike penseli. Na mtoto akikuambia kuna kitu hakiko sawa, mwamini kwanza, halafu nenda ukapime. Wewe ulikuwa mtoto huyo, uliniambia mara nyingi, na kila mara nilikutuma ukacheze.

Piano nitaiacha ilivyo, nyuzi zake hazitaki tena kuvutwa. Lakini wanafunzi wanaobaki nitawaambia wote, na kanisani sitakishusha kile kinanda. Wanakwaya watajua la kufanya na koo zao. Bwiza iniite itakavyo.

Sasa chukua dyapazoni. Igonge kwenye goti, iweke karibu na sikio. Hiyo ndiyo La. Halafu bonyeza La ya kwetu. Nilitaka uisikie tofauti yake hapa, nyumbani, umevaa kanga, na si huko mbele ya wageni. Chuma hicho ni chako. Nilivuka nacho mpaka kikiwa kitu pekee nilichokuwa nacho cha kweli, kisha nikakificha kwenye kopo la sukari kwa sababu kilikuwa kinanisuta.

Unaposoma haya mimi niko jikoni na mama yako, najifanya nachemsha chai. Nimekusikia ukifungua kifuniko. Kasirika, unayo haki, na hasira yako haitakuwa hasara kama yangu. Ukikifunga bila neno, nitakubebea sanduku mpaka kwenye teksi na sitakuomba hata uniangalie. Lakini kama unaweza, kabla hujaondoka, cheza fuga yako mara moja kwenye piano hii, sasa ukiwa unajua. Na uimbe, mama. Uimbe nikusikie.

Papa yako